Dawa mbili za kulegeza makohozi, dawa moja ya kuzuia kikohozi, na tumbo linaloungua

Shikamoo Mfamasia,

Ninakuandikia kuhusu mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 63, ambaye ninaishi naye hapa Muheza. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikaanga maandazi na bagia katika kibanda kidogo karibu na stendi, juu ya mafiga na kuni, na mwaka 2014 aliugua kifua kikuu, akameza dawa kwa miezi sita mpaka akaambiwa amepona. Kibanda amekiacha, lakini nyumbani bado tunapikia mkaa, na siku za mvua jiko tunaliingiza ndani. Tangu apone kifua kikuu, kifua chake hakijawahi kuwa kikavu. Kila siku huamka alfajiri, huketi ukingoni mwa kitanda akiwa amepakata kopo la plastiki la siagi ambalo tumelitia mchanga kidogo, na hukohoa kwa muda wa kubandika chai mpaka ikachemka. Makohozi ni meupe, mazito, yenye kuvutika kama uji wa muhogo. Mara mbili au tatu kwa mwaka hugeuka kuwa ya kijani, na hapo hubanwa kifua kiasi cha kushindwa kufika hata dukani.

Miezi miwili iliyopita, katika hospitali moja, daktari wa zamu alimwandikia vidonge vya kabosisteini vya miligramu 375, viwili mara tatu kwa siku. Kaka yangu aliyeko Muscat aliposikia, alituma maboksi manne ya vidonge vya asetilisisteini vya miligramu 600, vile vya kutia kwenye glasi ya maji vikafoka povu, akasema hivyo ndivyo vinavyotumika kule na vina nguvu zaidi. Vinanuka yai viza, na mwanzoni tulidhani vimeharibika njiani. Mama anatumia vyote viwili. Usiku, kwa kuwa kikohozi kilikuwa kinamnyima usingizi, duka la dawa la jirani walimpa dawa ya maji ambayo akinywa vijiko viwili hulala fofofo mpaka asubuhi.

Wiki ya kwanza makohozi yaliongezeka, kopo likawa linajaa haraka kuliko zamani, nasi tukaogopa. Baadaye yalipungua uzito kidogo, na mama anasema yanatoka bila kumchosha sana, ila asubuhi baada ya dawa ya usiku huwa yamekwama. Watu wanamtisha kwamba dawa hizi zinakausha mapafu. Jirani yetu mwingine ameomba apewe vile vya povu ampe mjukuu wake wa miezi kumi anayekoroma kifua, lakini bado sijampa. Pia, sijui kama inahusiana, kwa wiki tatu sasa mama analalamika kwamba panamchoma chini ya chembe cha moyo, hasa usiku. Mwaka juzi alipimwa kwa kamera akakutwa na vidonda vya tumbo, na anameza dawa ya presha kila siku.

Naomba unieleze: dawa hizi zinamaliza ugonjwa au zinatuliza tu? Je, aendelee na zote mbili, na kwa muda gani? Na kwa nini dawa ya kutibu makohozi iliyazidisha?

Wako,
Binti wa pili, Muheza

JIBU

Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na nitaanza na lile ulilolitaja karibu na mwisho kana kwamba ni la pembeni, yaani tumbo. Kuanzia leo mama asimamishe vidonge vya kabosisteini pamoja na vile vya povu, na kesho asubuhi umpeleke kwa daktari akiwa na maboksi yote, chupa ya dawa ya usiku na karatasi ya majibu ya ile kamera. Kabosisteini haitakiwi kabisa kutumiwa na mtu mwenye kidonda cha tumbo kilicho wazi, na asetilisisteini hutolewa kwa tahadhari kwa mtu aliyewahi kuwa nacho. Kuziacha ghafla hakuna madhara, kwa kuwa hazimo katika kundi la dawa ambazo mwili hutikisika zikikatwa. Dawa ya presha aendelee nayo kama kawaida. Lakini akitapika damu au kitu kinachofanana na machicha ya kahawa, akipata choo cheusi kama lami, au akihisi kizunguzungu anaposimama, msingoje kesho. Nendeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Uhusiano kati ya kifua na tumbo haupo mbali. Ukuta wa ndani wa tumbo umefunikwa kwa ute ambao ni ndugu wa ule ulio katika mirija ya hewa, na ute huo ndio unaokinga nyama ya tumbo isiunguzwe na asidi inayosaga chakula. Dawa ya kumeza inayokusudiwa kubadili ute wa kifuani haina macho ya kuchagua, na ndiyo maana karatasi iliyomo ndani ya boksi la kabosisteini huonya kuhusu vidonda vya tumbo. Sisemi kwamba ni lazima dawa hii iwe ndiyo iliyoamsha kidonda cha mama, kwa sababu vidonda hurudi kwa sababu nyingi, hasa kama bakteria wa tumbo hakuwahi kumalizwa au kama anameza dawa za maumivu ya viungo bila kuwaambia. Ninachosema ni kwamba mtu mwenye historia hiyo hakupaswa kuanza kabla ya kuulizwa. Huenda daktari aliuliza, na mama, kama walivyo wazazi wetu wengi waliokwenda hospitali kwa ajili ya kifua, akajibu habari za kifua tu. Kwa miaka niliyosimama nyuma ya kaunta ya famasi nimejifunza kwamba swali la "una ugonjwa mwingine wowote?" karibu kila mara hujibiwa "hapana", ilhali swali la "tumbo lako likoje?" hufungua mazungumzo ya robo saa.

Sasa nije kwenye makohozi yenyewe. Ute wa kawaida wa njia za hewa ni maji kwa zaidi ya sehemu tisa katika kumi, na kinachoupa unato wake ni protini ndefu ziitwazo musini, ambazo zimefungana kwa viungo vya salfa mithili ya nyuzi za jarife zilivyopigwa mafundo. Katika kifua chenye afya, ute huu huwa mwembamba, hunasa vumbi na vijidudu, kisha husukumwa kuelekea kooni na vinyweleo vidogo mno vinavyopiga makasia usiku na mchana, nasi humeza bila kujua. Moshi wa kuni wa miaka ishirini huwa umevichoma vinyweleo hivyo na kuvitanua vitezi vinavyotengeneza ute, na kifua kikuu huacha makovu na mirija iliyotanuka ambamo ute hutuama kama maji katika dimbwi. Kwa hiyo mama anatengeneza ute mwingi kuliko zamani, ulio mzito kuliko zamani, na wapiga makasia wamepungua. Kilichobaki cha kuutoa ni kikohozi. Kile kikao chake cha alfajiri, pamoja na kopo lake, ni kazi ambayo mapafu yake hayawezi tena kuifanya kimyakimya.

Asetilisisteini ikikutana na makohozi ana kwa ana, huyafungua yale mafundo ya salfa, na harufu ya yai viza mnayoisikia ni ya salfa iliyomo ndani ya dawa yenyewe, kwa hiyo si dalili ya kuharibika. Hata hivyo ikimezwa, kiasi kinachofika kwenye ute wa mapafu ni kidogo, na wataalamu wengi wanaona kwamba faida yake hutokana zaidi na kupunguza madhara ya uvimbe na sumu za moshi katika njia za hewa. Ni dawa hiyo hiyo ambayo hospitali humpa, mara nyingi kwa dripu, mtu aliyemeza parasetamoli kupita kiasi ili kuliokoa ini lake, jambo ambalo nalitaja ili usishangae ukikuta watu wanaisifu kwa mambo yasiyohusu kifua. Kabosisteini ina jina la karibu lakini kazi yake ni nyingine kidogo: salfa yake imefungwa, haikati mafundo yaliyokwishafungwa, bali hubadili aina ya ute ambao vitezi vinatengeneza, ukatoka ulio mlaini zaidi. Ndiyo sababu haionyeshi matokeo siku ileile. Hakuna ushahidi wa maana kwamba kuzitumia zote mbili kwa pamoja kunazidisha nafuu. Kinachozidi kwa hakika ni gharama na mzigo kwa tumbo. Tena vile vya povu hufoka kwa sababu ya chumvi ya sodiamu iliyochanganywa humo, na mtu mwenye presha aliyeambiwa apunguze chumvi kwenye mchuzi hapaswi kuinywa kwenye glasi kila asubuhi bila daktari wake kujua.

Kuhusu kuzidi kwa makohozi katika wiki ya kwanza, hilo halikupaswa kukuogopesheni, mradi rangi haikubadilika na homa haikuwepo. Ute uliokuwa umeganda katika mirija ya chini ulilegea ukapanda juu, na kopo likajaa kwa sababu kilichokuwa kimebaki ndani kilitoka nje. Anayesema dawa hizi zinakausha mapafu amezipa sifa ya dawa nyingine kabisa, na nadhani dawa hiyo nyingine ndiyo ile ya usiku.

Chukua chupa hiyo uisome polepole, kwa sababu jina kubwa la mbele halikuambii kitu. Kinachosema ni maandishi madogo ya viambato. Ukikuta kodeini au dekstromethofani, hizo ni dawa za kuzima kikohozi. Ukikuta difenhidramini au klofeniramini, hizo ni dawa za mzio zinazoleta usingizi na kukausha majimaji ya mwili, kuanzia mdomo hadi ute wa kifuani. Kumpa mama dawa ya kulegeza makohozi mchana, kisha usiku kumpa ya kuyakausha na kuzima kikohozi, ni kama kuzibua mtaro asubuhi na kuutia zege jioni. Yeye mwenyewe alikwisha kuligundua bila kusoma popote: amekuambia kwamba baada ya dawa ya usiku makohozi huwa yamekwama. Zaidi ya hapo, kama ni kodeini, hupunguza nguvu ya pumzi yenyewe, na kwa mtu mwenye mapafu yaliyoumia hilo ni jambo la hatari. Na kwa mtu wa umri wake, usingizi mzito wa dawa huongeza uwezekano wa kuanguka anapokwenda chooni gizani. Hii nayo aiache. Ninafahamu kwamba usiku wa kwanza na wa pili atakohoa zaidi, na nyumba nzima itakohoa pamoja naye, lakini kuna njia ya kuupunguza usumbufu huo ambayo nitaieleza hapa chini.

Uliuliza kama dawa hizi zinamaliza ugonjwa. Hazimalizi, na mtu akikuambia zinamaliza, angalia kama ana boksi la kuuza. Swali la haki ni kama zinasaidia, na hapo jibu linategemea ugonjwa ni upi. Kwa watu wenye mkamba sugu au ule ugonjwa wa njia za hewa kuziba taratibu unaojulikana kwa herufi COPD, ushahidi upo lakini ni wa kiasi. Nchini China mwaka 2008 yalitolewa matokeo ya utafiti wa watu 709 waliotumia kabosisteini miligramu 1,500 kwa siku au kidonge cha kulinganishia kisicho na dawa ndani kwa mwaka mzima, na waliotumia dawa halisi walizidiwa mara chache zaidi, kwa takribani robo. Mapitio makubwa ya mwaka 2019 yaliyokusanya tafiti 38 zenye watu zaidi ya 10,000 yalikadiria kwamba watu wanane wakitumia dawa za aina hii kwa miezi tisa, mmoja wao ataepushwa kuzidiwa ambako kungempata. Wale saba wengine hawadhuriki sana, lakini hawaoni tofauti hiyo. Wala dawa haizuii mapafu kuendelea kuchakaa: utafiti wa Ulaya wa mwaka 2005 uliowafuatilia wagonjwa 523 kwa miaka mitatu, wakitumia asetilisisteini ya miligramu 600, ambayo ni dozi ileile ya kaka yako, haukuona kwamba kasi ya kupungua kwa pumzi ilipungua.

Lakini je, mama ana COPD? Hilo ndilo linalonisumbua kuliko vidonge. Mtu aliyepona kifua kikuu, anayetoa makohozi kila siku ya Mungu na kugeuziwa kuwa ya kijani mara mbili tatu kwa mwaka, anaweza kuwa na kutanuka kwa mirija ya hewa, ugonjwa uitwao bronkiektasisi, ambao hapa kwetu kifua kikuu cha zamani ni miongoni mwa visababishi vyake vikubwa. Na kwa ugonjwa huo kabosisteini imeonekana dhaifu zaidi: utafiti uliofanyika Uingereza na kutolewa mwaka 2025, ukiwa na wagonjwa 288 waliofuatiliwa kwa mwaka mmoja, haukuonyesha kwamba ilipunguza kwa kiwango cha kutegemewa idadi ya mara walizozidiwa. Inawezekana pia ana yote mawili, moshi na makovu. Na inawezekana kifua kikuu kimerudi, jambo ambalo halipaswi kubahatishwa kwa mtu yeyote mwenye historia kama yake. Kwa hiyo mwombe daktari mambo matatu. Kwanza, makohozi ya asubuhi yapimwe kifua kikuu, kipimo ambacho katika vituo vya serikali hakilipiwi, na muwaambie wazi kwamba aliwahi kutibiwa mwaka 2014, kwa sababu mashine ya kusoma vinasaba inaweza kunasa mabaki ya vijidudu vilivyokufa na wataalamu watataka kuyaotesha makohozi maabara kabla ya kuamua. Pili, picha ya kifua, na ikiwezekana CT, yaani picha ya mashine inayoonyesha kifua tabaka kwa tabaka, ambayo ndiyo inayoonyesha mirija iliyotanuka bila utata. Tatu, spairometri, kile kipimo cha kupuliza kwa nguvu kwenye mrija, ambacho si kila hospitali ya wilaya inacho, lakini rufaa ya kukifuata inastahili nauli. Kikionyesha kwamba njia za hewa zimeziba, dawa kuu itakuwa ya kuvuta kwa pampu, na vidonge vya makohozi vitabaki kuwa wasaidizi.

Makohozi yakigeuka ya kijani, yakaongezeka na mama akabanwa, msinunue amoksilini ya vidonge kumi dukani. Chukueni kwanza makohozi yapelekwe maabara, kisha aanze antibayotiki aliyoandikiwa kwa siku zote alizoambiwa. Na ukiona damu kwenye kopo, midomo ikibadilika kuwa ya bluu, miguu ikivimba, au akianza kusinzia na kuchanganyikiwa, hiyo ni safari ya hospitali bila kujadiliana.

Nilikuahidi njia ya kupunguza shida ya usiku. Makohozi yaliyolegezwa bila kutolewa hurudi yakatuama, na kwa mtu mwenye mirija iliyotanuka mazoezi ya kuyatoa ndiyo tiba ya mbele, dawa zikifuata nyuma. Mkalishe mama kwenye kiti kisicho na mikono, mgongo ukiwa umenyooka, mabega yamelegea. Apumue taratibu kwa tumbo kwa dakika moja. Kisha avute pumzi ndefu mara tatu au nne, kila mara akiishikilia kwa sekunde tatu, ili hewa ipenye nyuma ya makohozi. Baada ya hapo, akiwa amefungua kinywa na koo kama mtu anayetaka kutia ukungu kwenye kioo ili akifute, asukume hewa nje kwa nguvu ya wastani na kwa muda mrefu, bila kukohoa. Atoe "haaa" ndefu mara mbili. Utasikia kitu kikikwaruza kifuani kikipanda. Kikifika juu, akohoe mara moja tu, ateme kwenye kopo. Apumzike, arudie, dakika kumi hadi kumi na tano, asubuhi kabla ya chai na jioni saa moja kabla ya kulala. Watu wengi huanza kwa kukohoa mfululizo kwa nguvu, na hapo ndipo wanapochoka bure, kwa sababu kikohozi kikali hubana mirija ikafunga kabla makohozi hayajapita. Wengine hufundishwa kulala kichwa kikiwa chini kuliko kiuno ili makohozi yatiririke. Mama asifanye hivyo, kwa kuwa asidi ya tumbo itapanda kooni. Alale ubavu, au aegemee mito miwili. Akiona damu, asimamishe zoezi. Lile kopo lenye mchanga ni utaratibu mzuri, ila liwe na kifuniko, na yaliyomo yamwagwe chooni wala si nyuma ya nyumba, angalau mpaka majibu ya kifua kikuu yatoke.

Maji anywe ya kutosha, isipokuwa daktari amemwekea kiwango. Chai ya tangawizi na asali hutuliza koo nami sina ugomvi nayo. Kujifukiza kwa nyungu humpa mtu nafuu ya dakika chache puani na kooni, lakini mvuke huo haufikii kulegeza kilichotuama chini, na nimeona mapaja yaliyoungua kwa sufuria iliyopinduka chini ya blanketi, kwa hiyo mimi simshauri.

Tumbo likishapona na daktari akiridhika, huenda akataka ajaribu tena dawa ya makohozi. Iwe moja tu. Vidonge viwili vya 375 mara tatu kwa siku, yaani miligramu 2,250, ni dozi ya kuanzia, na mtu akipata nafuu hushushwa hadi miligramu 1,500. Mama amekaa miezi miwili kwenye dozi ya kuanzia bila mtu wa kumshusha. Safari hiyo ijayo chukua daftari, uandike kila siku anakohoa asubuhi kwa dakika ngapi, makohozi yanavutika au yanakatika, na anaweza kutembea mpaka wapi bila kusimama. Wiki nne zinatosha. Daftari lisipoonyesha tofauti, dawa iachwe, na hiyo ndiyo desturi wanayofuata hata Uingereza: huendelea nayo yule tu aliyeona nafuu.

Mjukuu wa jirani asipewe chochote kutoka kwenye maboksi hayo. Mtoto wa miezi kumi hana nguvu ya kukohoa ute uliolegea ghafla, na unaweza kumzidia kifuani. Ufaransa ilizipiga marufuku dawa hizi kwa watoto walio chini ya miaka miwili mwaka 2010 baada ya kuona baadhi yao wakizidiwa. Mtoto anayekoroma kifua, anayepumua haraka au ambaye mbavu zake zinaingia ndani anapovuta pumzi, apelekwe kituo cha afya leo. Mwambie jirani hivyo kwa upole, na asikudhanie una uchoyo.

Kuhusu kaka yako wa Muscat, nia yake ni njema, basi ipeni kazi. Asitume boksi jingine la povu. Wala asitafute dorneizi alfa, dawa ya kuvuta kwa mashine ambayo ataikuta ikisifiwa kwenye intaneti: hiyo ni ya ugonjwa wa kurithi uitwao saistiki faibrosisi, na ilipojaribiwa miaka ya 1990 kwa watu wenye bronkiektasisi ya visababishi vingine, hali zao zilizidi kuwa mbaya. Fedha hizo ziende kwenye mtungi wa gesi na jiko lake, ili mkaa usiingie tena ndani siku za mvua, na kiasi kitakachobaki kilipie nauli na kipimo cha spairometri. Ukiniandikia tena, nitajie majibu ya makohozi, picha imesema nini, na ile chupa ya usiku imeandikwa nini kwa maandishi madogo.